KUPIGA TAIPU BILA KUTAZAMA VIBONYE

Mhariri ameniomba niandike juu ya kazi ambayo wengi huiona ni ya makarani tu, yaani kupiga taipu. Nimekubali kwa sababu mbili. Ya kwanza, ni kazi niliyojifunza kwa taabu, nami naweza kuieleza hatua kwa hatua. Ya pili, nilianza kujifunza kwa ajili ya kosa nililolifanya, na hasara ya kosa lile ilimpata mwenzangu asiye na hatia. Nitaanza na hiyo ya pili.

Kosa langu

Nilipokuwa kidato cha tatu nilijulikana darasani kuwa mtu wa kompyuta. Kwa kweli nilipiga taipu kwa vidole viwili tu, kama kuku adonoaye mtama, lakini kwa kuwa wenzangu walitumia kimoja, nilijiona bingwa.

Siku moja msaidizi wa bwana mhazini aliugua, nami nikaitwa ofisini nisaidie. Nilipewa karatasi iliyoandikwa kwa mkono, yenye majina 38 ya wavulana ambao wazazi wao walikubaliwa kulipa karo kidogo kidogo mpaka mwisho wa muhula. Jina la 21 na la 22 yalikuwa ya wavulana wawili wenye jina moja la ukoo. Nililisoma la 21, nikainamisha macho kutafuta vibonye, nikalipiga. Nilipoinua macho niliona jina lile la ukoo, nikadhani ndilo nililokwisha kulipiga, kumbe lilikuwa la mstari wa chini yake. Nikaendelea na la 23. Basi orodha yangu ikawa na majina 37, wala sikuhesabu.

Jumatatu iliyofuata, wenye deni walirudishwa nyumbani. Mmoja wao alikuwa yule mvulana wa mstari wa 22. Alieleza langoni kwamba baba yake amekwisha kuzungumza na shule, lakini jina lake halikuwamo, na orodha iliyopigwa taipu huaminiwa kuliko maneno ya mtoto. Akapanda gari kwenda kwao, upande wa Mubende. Alirudi baada ya siku nane pamoja na baba yake, na mtihani wa fizikia wa muhula ule ulikuwa umekwisha kupita.

Bwana mhazini alilinganisha karatasi zote mbili, akaniita. Mwenzangu alikuwapo. Nikaomba radhi. Yeye hakusema neno. Aliishika ile karatasi ya mkono, akaweka kidole juu ya jina lake, akakiacha hapo kidogo, kisha akaenda zake darasani. Afadhali angenitukana.

Likizo ilipofika nilimsimulia shangazi yangu, ambaye miaka ya 1980 alikuwa karani wa taipu katika ofisi moja ya serikali. Nilimwambia kwamba kosa langu lilikuwa haraka. Akaniuliza, "Macho yako yalikuwa wapi?"

Nikajibu, "Kwenye vibonye, shangazi."

Akasema, "Basi karatasi ilisomwa na nani?"

Katika swali hilo limo somo lote ninalotaka kuwaeleza. Mtu apigaye taipu huku akitazama vibonye huiacha karatasi mara nyingi katika kila mstari, na kila arudipo hana budi kutafuta tena mahali alipoachia. Akirudi mara mia, huenda mara moja akarudi mahali sipo, hasa panapokuwa na maneno mawili yanayofanana. Hata watu wa kale walionakili vitabu kwa mkono, kabla ya vitabu kupigwa chapa, walifanya kosa hili hili la kuruka kutoka neno moja mpaka mwenzake. Dawa yake ni moja: vidole vijue njia vyenyewe, ili macho yabaki kwenye karatasi.

Asili ya elimu hii

Mashini ya kwanza ya kupiga taipu iliyopata soko kubwa ilibuniwa na Christopher Latham Sholes na wenzake mjini Milwaukee, Marekani. Walipata hati ya uvumbuzi mwaka 1868, na kiwanda cha Remington, kilichojulikana kwa kutengeneza bunduki, kikaanza kuiuza mwaka 1874. Mpango wa herufi unaoanza na Q, W, E, R, T, Y ulitokana na mashini za watu hao, nao ndio uliomo mpaka leo katika kibodi za kompyuta zetu. Kwa hiyo aliyejifunza kwa taipureta ya zamani, kama shangazi yangu, akikaa mbele ya kompyuta vidole vyake haviwi vigeni.

Mwanzoni kila mtu alipiga kwa namna yake, na wengi walitazama vibonye. Lakini karani mmoja wa mahakama mjini Salt Lake City, aitwaye Frank McGurrin, alijizoeza kutumia vidole vyote bila kutazama. Tarehe 25 Julai 1888 alishindana mjini Cincinnati na Louis Traub, aliyetumia mashini ya namna nyingine na njia nyingine. McGurrin akamshinda vibaya, akapata dola 500. Magazeti yalieneza habari hiyo, na tangu hapo watu wengi wakaanza kuifuata njia yake.

Njia yenyewe

Sasa tuingie katika somo. Msomaji mwenye kibodi karibu na aiweke mbele yake. Asiye nayo achore vibonye kwenye karatasi ngumu. Mimi nilijifunza wiki tatu za kwanza kwa kibodi ya karatasi, kwa kuwa chumbani mwetu wavulana watatu hutumia kompyuta moja, na umeme nao una mambo yake.

Kwanza, kikao. Keti wima, miguu yote miwili sakafuni, viwiko karibu na mbavu. Viganja visilale juu ya meza. Karatasi unayoinakili iwe pembeni, imesimamishwa, ili shingo isiiname.

Pili, mahali pa vidole. Papasa herufi F na J, utakuta kila moja ina kivimbe kidogo. Kimewekwa makusudi ili vidole viijue njia bila macho. Weka kidole cha shahada cha kushoto juu ya F, na cha kulia juu ya J. Vingine vifuatane: kushoto D, S na A; kulia K, L na nukta-mkato. Mstari huu wa kati ndio makao ya vidole. Kila kidole kikitoka kwenda juu au chini, sharti kirudi kwake upesi.

Tatu, kazi ya kila kidole. Mkono wa kushoto: kidole kidogo kina Q, A na Z, cha pete W, S na X, cha kati E, D na C, cha shahada kina R, F, V pamoja na T, G, B. Mkono wa kulia: cha shahada kina U, J, M pamoja na Y, H, N, cha kati I, K na mkato, cha pete O, L na nukta, kidogo kina P, nukta-mkato, na ile alama tunayoitumia katika neno ng'ombe. Kidole gumba hupiga kibonye kirefu cha nafasi. Ukitaka herufi kubwa, kidole kidogo cha mkono usiopiga herufi hiyo ndicho kishikacho kibonye cha herufi kubwa.

Nne, mazoezi. Vitabu vingi vya kufundishia vimeandikwa kwa Kiingereza, na maneno yake hayatufai sana sisi tutakao kuandika Kiswahili. Nimetunga mengine. Mstari wa kati una irabu moja tu, nayo ni A, lakini Kiswahili kinaipenda sana A, hata siku ya kwanza mwanafunzi aweza kupiga maneno kamili: kaka, dada, sasa, hasa, haja, lala, saga, daka, shaka, ghala, jalala. Aweza hata kupiga sentensi: "dada lala sasa", au "kaka saga sasa".

Siku chache baadaye, piga neno wewe. Utaona ni la mkono wa kushoto mtupu. Kisha piga mimi, utaona ni la mkono wa kulia mtupu. Kisha piga sisi, na mikono yote miwili itafanya kazi kwa zamu, kushoto, kulia, kushoto, kulia. Wanafunzi ninaowafundisha hupenda zoezi hili kuliko yote. Ukiliweza kwa macho yaliyofumbwa, ujue umefika mahali pazuri.

Nawapa onyo moja juu ya kidole kidogo cha kushoto. Kidole hiki ni dhaifu, nacho ndicho chenye kibonye cha A. Chukueni neno hatutawaandikia. Lina herufi 15, na tano kati yake ni A. Mwandishi wa Kiswahili asiyekifundisha kidole hicho atachoka mapema, tena atakuwa akiziruka A zake. Mpe kila siku dakika tano za peke yake.

Tano, muda. Dakika 20 kila siku ni bora kuliko saa tatu za Jumamosi. Vidole hujifunza kama miguu ijifunzavyo ngoma, kwa kurudia rudia, wala si kwa kufikiri. Shangazi alinitandikia kitambaa cha kitenge juu ya mikono ili nisiibe kutazama. Nanyi fanyeni hivyo.

Pale watu wanapoachia

Sitaki kuwadanganya. Njia hii mwanzoni hukurudisha nyuma. Mwendo wa kupiga taipu hupimwa kwa maneno katika dakika moja, na kila mapigo matano, pamoja na nafasi, huhesabiwa kuwa neno moja. (Hatutawaandikia peke yake ni maneno matatu kwa hesabu hiyo.) Kwa vidole viwili nilikuwa nikipiga maneno 14 kwa dakika. Wiki ya kwanza ya njia mpya nilishuka mpaka 6. Wenzangu walinicheka, wakisema nimekwenda kusomea uvivu.

Wengi huachia hapo, wakarudia vidole vyao viwili, wakasema njia hii haiwafai. Mimi nami ningeachia, lakini kila nilipotaka kutazama chini nilikumbuka kile kidole juu ya jina. Wiki ya tano nilirudi kwenye 14. Wiki ya kumi nilifika 31. Lakini jambo lililonifurahisha zaidi halikuwa mwendo. Nilinakili kurasa nne za historia, nikazilinganisha na karatasi ya kwanza, nikakuta sikuruka hata mstari mmoja.

Faida zake

Faida ya kwanza nimekwisha kuitaja, nayo ni usahihi. Macho yaliyo kwenye karatasi hayapotei, na yaliyo kwenye kioo cha kompyuta huliona kosa palepale. Hili ni jambo kubwa kwetu tuandikao Kiswahili, maana kompyuta nyingi zimewekwa kwa Kiingereza. Hupiga mistari myekundu chini ya maneno yetu mazuri, na pengine huyabadili bila kutuuliza. Mwenye kutazama vibonye hajui hayo mpaka karatasi imetoka.

Faida ya pili ni mtihani. Sisi wa kidato cha tano na sita tusomao kompyuta kama somo dogo, hufanya mtihani wa vitendo mbele ya mashini yenyewe, na saa haimngojei atafutaye herufi.

Faida ya tatu ni kujitegemea. Nenda Wandegeya, karibu na Chuo Kikuu cha Makerere, utaona vibanda vingi vya kupigia taipu na kujalidi. Kazi ya wenye vibanda ni halali, nao husaidia watu wengi. Lakini mwanafunzi asiyejua kupiga taipu hulipa kila ukurasa, tena huiacha kazi ya miezi mingi mikononi mwa mtu mwingine.

Nitawapa mfano wa mtu mkubwa. Chinua Achebe wa Nijeria alipomaliza kuandika riwaya yake ya kwanza kwa mkono, aliituma kwa posta mpaka London, kwa watu waliotangaza gazetini kwamba wanapiga taipu miswada. Alituma nakala pekee aliyokuwa nayo. Miezi ikapita kimya, na barua zake hazikuleta mswada. Hatimaye mkubwa wake wa kazi, aliyekuwa akienda Uingereza likizo, aliwaendea watu wale mwenyewe na kuwauliza, ndipo kazi ikafanywa. Riwaya hiyo, Things Fall Apart, ilitolewa mwaka 1958. Miaka minne baadaye, Juni 1962, Achebe alikuwa hapa Kampala katika mkutano wa waandishi wa Afrika uliofanyika Makerere, na mwanafunzi aliyejulikana baadaye kama Ngũgĩ wa Thiong'o akampa mswada wake ausome. Nikifikiri kwamba kitabu kile kingeweza kupotea katika kabati la watu wasiokijua, sioni tena kwamba kupiga taipu ni kazi ndogo.

Faida ya nne ni kazi ya mshahara. Tangu Machi 2022 baadhi ya mahakama za Uganda zimekuwa zikipokea mashauri kwa njia ya kompyuta. Wanasheria, wauguzi, walimu na maofisa wa benki wote huandika kwa vibonye. Wakubwa wetu mlio makazini mnalijua hili kuliko sisi.

Faida ya tano ni ya lugha yetu hii. Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi, na kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Basi mitihani, mazoezi na vitabu vitatakiwa, na sharti mtu avipige taipu. Zamani kurasa zetu hizi zilipelekwa nje zikapigwe na mtu asiyejua Kiswahili, zikarudi na makosa mengi, mpaka shairi moja la mapenzi ya mama likasomeka kama tangazo la duka. Sasa tunazipiga wenyewe. Ndugu zetu waandikao Kiganda wana taabu yao pia, kwa kuwa herufi ŋ haipo katika kibodi za kawaida, na wengi huandika ng' badala yake. Lakini hata hao, kidole kidogo cha kulia kikijifunza ile alama, mwendo huwa mzuri.

Jibu kwa wabishi

Wengine wataniambia kwamba siku hizi zipo simu na kompyuta ziwezazo kuandika maneno yasemwayo, basi vidole vya nini? Ni kweli zipo. Lakini fikirini chumba chetu cha kusomea, chenye wavulana sitini, kila mmoja akisema na mashini yake. Itakuwa soko la Owino. Tena mambo ya siri, kama orodha ile ya karo, hayasemwi kwa sauti mbele za watu. Vidole huandika kimya.

Kusahihisha

La mwisho ni hili: hata mwenye kupiga vizuri sharti asahihishe. Hesabu majina ya karatasi ya kwanza na ya pili, uone kama yalingana. Kisha tafuta mwenzako asome karatasi ya mkono kwa sauti ya chini, nawe ufuate kwenye kioo.

Mwaka huu nilipewa kupiga taipu orodha ya watahiniwa wetu wa kidato cha sita. Nilimwomba yule mwenzangu wa Mubende anisomee, naye akakubali. Alipofikia jina lake alinyamaza, akanitazama.

Nikamwambia, "Lipo."

Akaendelea na la chini yake.

Ndugu zangu, atakaye kujifunza aje chumba cha kompyuta kila Jumamosi baada ya chai ya saa nne. Aje na kitambaa cha kufunikia mikono, na karatasi ngumu ya kuchorea vibonye. Nanyi wakubwa wetu, mwenye kibodi ya zamani isiyo na kazi atuletee, hata kama kompyuta yake imekufa, maana vidole hujifunza vilevile. Na mwenye kujua kazi hii tangu siku za taipureta aje atufundishe. Haba na haba hujaza kibaba. Karibuni.